Drakma bilioni 100 za Ugiriki, 3 Novemba 1944: kwa nini noti kubwa kuliko zote ikatolewa wakati sarafu inakaribia kufutwa?

#1 Mkusanyaji wa Tanga

Wakuu, salaam.

Nimeipata noti niliyoitafuta muda mrefu, drakma bilioni 100 ya Benki ya Ugiriki. Hakuna noti nyingine ya benki hiyo yenye thamani kubwa zaidi ya hii. Ni moja na sifuri kumi na moja. Rangi yake ni nyekundu iliyochanganyika na kahawia, upande wa kushoto kuna kichwa cha mwanamke, nywele zimetengenezwa vizuri na macho yametulia kabisa. Katika katalogi ya Pick, orodha ya noti za dunia tunayoitumia wakusanyaji, ni namba 135. Yangu imekunjwa mara moja katikati, lakini wino bado mzima.

Kilichonileta hapa ni tarehe. Wauzaji wengi wanaitangaza kama "noti ya Wajerumani", na mimi nakataa. Wajerumani waliondoka Athene tarehe 12 Oktoba 1944. Serikali ya Georgios Papandreou ikaingia mjini tarehe 18. Noti imeandikwa 3 Novemba 1944. Kwa hiyo hii ni noti ya nchi iliyokwisha kukombolewa!

Halafu tarehe 11 Novemba sarafu yote ikabadilishwa, drakma bilioni 50 za zamani kwa drakma 1 mpya. Maana yake noti hii yenye sifuri zote hizo ikawa drakma 2. Kutoka tarehe yake mpaka mageuzi ni siku nane.

Swali langu kwa wataalamu: serikali inayojua kwamba sarafu inakwenda kufutwa, inatoa noti kubwa kuliko zote ili iweje?

#2 Shombeshombe

Hongera bilionea wa Tanga. Harusi ya mwanao usituchangishe.

Natia kambi hapa, mada tamu.

#3 Babu Hesabu

Mleta mada umegusa penyewe, lakini usiitazame noti moja peke yake. Zipange kwa tarehe ndipo utaona moto ulivyokuwa unapanda:

milioni 500, tarehe 1 Oktoba
bilioni 2, tarehe 11 Oktoba
bilioni 10, tarehe 20 Oktoba
bilioni 100, tarehe 3 Novemba

Ndani ya wiki tano thamani iliyoandikwa imepanda mara 200. Na iangalieni ile ya bilioni 2: tarehe yake ni siku moja tu kabla ya Wajerumani kuondoka Athene. Huu ni msururu mmoja, kazi ya kiwanda kilekile. Maoni yangu ni kwamba waliokomboa mji walikuta mashine zinazunguka, wakaziacha zizunguke. Mtambo wa noti hauanzi upya kwa sababu bendera imebadilishwa.

Kwa maana hiyo "noti ya Wajerumani" si sahihi kwa tarehe, lakini kwa asili ina ukweli ndani yake.

#4 Bint Makunganya

#3 Babu, shikamoo. Hoja ni nzuri ila kuna jambo halijasemwa. Tarehe iliyochapwa juu ya noti si lazima iwe siku ambayo noti ilitoka dirishani. Mara nyingi ni tarehe ya uamuzi wa kuitoa, na karatasi zenyewe zinafika mikononi mwa watu baadaye. Kwa hiyo hizo siku nane huenda ni chache zaidi. Hata sisi tunaokusanya noti za hapa nyumbani tunalijua hilo, noti ina mwaka fulani na watu wameanza kuiona mwaka unaofuata.

Kama ni hivyo, swali la mleta mada linazidi kuwa gumu.

#5 Mchumi Mtaani

Mbona jibu ni jepesi? Mishahara. Serikali imerudi kutoka uhamishoni, haina kodi inayoingia, ina watumishi, polisi na wastaafu wa kulipa. Oktoba 1944 bei Ugiriki zilikuwa zinajizidisha mara mbili kila baada ya siku nne hivi. Ukimlipa mwalimu kwa noti za milioni 500 unahitaji gunia, na karatasi na wino ni gharama. Unachapa noti kubwa ili ulipe watu wiki hii. Wiki ijayo itajijua.

Mtu anayezama hachagui kamba.

#6 Mkusanyaji wa Tanga

#5 mkuu, hilo naliona. Lakini mbona hawakungoja wiki moja walipe kwa fedha mpya? Noti za mageuzi zenyewe zina tarehe 9 Novemba 1944. Zilikuwa zinaandaliwa wakati huohuo ambapo hii ya bilioni 100 inatolewa.

#7 Mchumi Mtaani

Kwa sababu tumbo halingoji wiki. Watu wale walikwisha kupita kwenye njaa ya majira ya baridi ya 1941 hadi 1942, watu walikuwa wanaanguka barabarani Athene. Huwezi kuwaambia wasubiri mageuzi.

#8 Fundi Picha

Jamani mnaongea hesabu tu, na huyu mama aliyeko kwenye noti je?

Katalogi nyingi zinamwita "nimfa Deidamia", nimfa ni wale miungu wadogo wa kike wa mito na misitu katika hadithi za Wagiriki wa kale. Mimi nimesoma sanaa ya kale kidogo na hilo la nimfa linanisumbua sana. Deidamia ninayemjua ni yule wa Olympia, kwenye hekalu la Zeus lililokamilika takriban mwaka 457 kabla ya Kristo. Upande wa magharibi wa paa kuna sanamu za harusi ya Peirithoos, mfalme wa Walapithi. Waliwaalika masentauri, wale nusu mtu nusu farasi, nao wakalewa na kuanza kuwanyakua wanawake. Bibi harusi mwenyewe ndiye Deidamia. Sentauri Eurytion amemkamata, na yeye anajisukuma atoke.

Kinachonigusa kila mara ni uso. Sentauri amekunja sura na amekodoa macho, lakini bibi harusi uso wake haujakunjamana hata kidogo. Mkono unapigana, uso umetulia.

Tazameni tena noti ya mleta mada. Nchi imetoka kwenye miaka mitatu na nusu ya kukaliwa na Wajerumani, Waitalia na Wabulgaria, na noti yake kubwa ina uso wa mwanamke aliyekamatwa kwa nguvu na hakuvunjika. Mimi siwezi kuamini kwamba mchoraji alichagua bila kujua.

#9 Mwana wa Pwani

#8 umeniliza kaka. Naomba hii ibandikwe juu.

#10 Babu Hesabu

#8 kijana, maelezo ya hekalu ni mazuri sana na sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni huo wa mchoraji kukusudia. Angalia noti ya milioni 5 ya Julai 1944: ina Arethusa, yule wa sarafu za kale za Syracuse. Angalia bilioni 10 ya Oktoba: Arethusa tena. Picha zilikuwa zinarudiwa kwa sababu hapakuwa na muda wa kuchonga sura mpya kila wiki mbili. Noti ya milioni 500 ina Apollo. Walikuwa na hazina ya vichwa vya kale vilivyokwisha kuandaliwa, wakawa wanachukua kilichopo kwenye meza.

Tena mambo ya kale yamo kwenye noti za Ugiriki kabla ya vita na baada ya vita. Noti ya drakma 1,000 ya mwaka 1987 ina Apollo mbele na mrusha kisahani nyuma. Hakukuwa na Mjerumani mwaka 1987.

#11 Fundi Picha

Babu, kurudia Arethusa hakuthibitishi kwamba Deidamia naye aliokotwa mezani. Na kuna sababu nyingine ya kuyashika mambo ya kale wakati wa kukaliwa. Shujaa wa vita vya uhuru vya 1821, mathalani Kolokotronis, ungemweka kwenye noti wakati mwanajeshi wa kigeni amesimama mlangoni kwa benki? Sanamu za marumaru hazimkasirishi mtu. Mkaliaji anaziona ni makumbusho, Mgiriki anaziona ni nyumbani.

#12 Bint Makunganya

Lakini #11, mleta mada ametuambia Novemba mkaliaji ameshaondoka. Wangeweza kumweka Kolokotronis kwa raha zao. Hawakumweka.

Naongeza na lingine: yuko Deidamia mwingine kabisa, binti wa mfalme Lykomedes wa kisiwa cha Skyros, aliyezaa na Achilles. Kwa hiyo hao wa katalogi waliosema nimfa wamechanganya nani na nani? Bibi harusi wa Olympia si nimfa, binti wa Skyros si nimfa.

#13 Fundi Picha

Mtindo wa nywele na utulivu wa uso ni wa Olympia. Hapo sisogei.

#14 Ndugu Katanga

Jambo bandugu. Mie niko Lubumbashi, nasoma huu uzi na nacheka na kusikitika.

Bilioni za Wagiriki sisi tulizijua kwa jina lingine. Mwisho wa 1992 Mobutu alitoa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Tshisekedi akasema hiyo si fedha halali, msipokee. Januari 1993 askari wakalipwa nayo Kinshasa, wafanyabiashara wakaikataa, askari wakafanya fujo, watu wakafa. Mwezi wa kumi 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na watu wa mkoa wa Kasai wakagoma, wakaendelea na zaire zao za zamani.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Siku ya mshahara mama alikuwa anamngoja mlango wa shule na kikapu, hawafiki nyumbani na fedha. Wanapita soko, wananunua unga wote unaonunulika, wanarudi mikono mitupu ya fedha lakini kikapu kizito. Kwa hiyo mimi na #5 tuko pamoja. Serikali inachapa kwa sababu leo kuna askari anataka kulipwa leo.

Lakini kuna tofauti. Kwetu watu walikuwa na uwezo wa kuikataa noti. Wagiriki wa Novemba 1944, nani angemkatalia serikali iliyomfukuza adui?

#15 Mchumi Mtaani

#14 pole kwa mliyopitia ndugu. Wagiriki nao walikataa, ila kwa njia nyingine. Hawakuigomea drakma kwa maandamano, waliikimbia. Biashara kubwa zilikuwa zinahesabiwa kwa pauni za dhahabu za Uingereza. Wengine walihesabu kwa mafuta ya zeituni, watu waliuza nyumba kwa madebe ya mafuta. Drakma ilibaki ya kununulia vitu vya siku moja.

Na Wajerumani wenyewe walilijua hilo. Hermann Neubacher, aliyetumwa kutoka Berlin mwaka 1942 kuokoa uchumi uliokuwa unaporomoka, alifika mahali pa kuuza pauni za dhahabu sokoni Athene ili kupunguza kasi ya bei. Waingereza nao walikuwa wanawaingizia wapiganaji wa milimani pauni hizohizo. Pande mbili zinapigana, na zote zinalipa kwa dhahabu yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza.

#16 Kijana wa Eastleigh

Hapa nimejifunza mengi kuliko shule. Swali la mtu asiyejua: chanzo cha mfumuko kilikuwa nini hasa? Ni kuchapa tu?

#17 Babu Hesabu

Gharama za ukaliaji. Ugiriki ililazimishwa kuwalisha na kuwalipa majeshi yaliyoikalia, na juu ya hapo Benki ya Ugiriki ikalazimishwa kutoa mkopo kwa Ujerumani, ule wa reichsmark (fedha ya Ujerumani wakati ule) milioni 476 ambao Wagiriki wanaudai mpaka leo. Ujerumani inasema mambo hayo yalifungwa, Ugiriki inasema hayajafungwa. Serikali ya Athene haikuwa na kodi ya kulipia hayo yote, ikachapa.

#18 Mchumi Mtaani

Naunga mkono nusu. Uchapaji bila bidhaa ndio uliua. Bahari ilikuwa imezibwa, chakula hakiingii. Makedonia ya mashariki na Thrace, maeneo ya nafaka, yalichukuliwa na Wabulgaria. Barabara na reli vilikuwa vinalipuliwa. Hata wangechapa robo ya walichochapa, mkate usipokuwepo bei itapanda tu.

#19 Ndugu Katanga

Na hofu. Mumeisahau hofu. Mtu akiamini kesho fedha itakufa, anaitupa leo, na kwa kuitupa anaiua leo. Kwetu hakuna aliyeweka zaire usiku mmoja.

#20 Bint Makunganya

Kuna jambo moja la huu mwaka wa 1944 naona watu wamelipita. Milimani kulikuwa na serikali nyingine, kamati ya ukombozi wa taifa iliyojulikana kwa kifupi PEEA, chini ya wapiganaji wa mrengo wa kushoto. Nao walitoa hati zao za fedha, na hawakuandika drakma hata moja. Waliandika oka za ngano! Oka ni kipimo cha zamani cha uzito cha Kituruki. Hati inasema imebeba kiasi fulani cha ngano, basi.

Sasa sikilizeni. Rais wa kamati hiyo alikuwa profesa Alexandros Svolos. Alipoingia kwenye serikali ya umoja ya Papandreou alipewa wizara gani? Fedha. Mtu aliyeongoza serikali ya hati za ngano ndiye waziri wa fedha wakati noti ya bilioni 100 inatolewa.

Mimi ningetoa noti zangu nyingi za vita nipate hati moja ya ngano iliyo nzima. Hiyo ndiyo fedha iliyosema ukweli mwaka ule.

#21 Mkusanyaji wa Tanga

#20 dada, hapo umenifungulia mlango. Svolos sikumhusisha kabisa. Ina maana waziri aliyejua vizuri kuliko wote kwamba drakma ya karatasi imekufa ndiye aliyekuwepo. Basi maelezo ya uzembe yanapungua nguvu. Walijua.

#22 Babu Hesabu

Walijua, na bado hawakuwa na uamuzi peke yao. Mageuzi yalikuwa yanajadiliwa na Waingereza. Sir David Waley wa Hazina ya Uingereza alikuwa Athene kwa kazi hiyo. Upande wa benki alikuwepo Xenophon Zolotas, gavana mwenza, ambaye baadaye sana, 1989, akawa waziri mkuu. Drakma mpya ilifungwa kwenye pauni ya Mamlaka ya Kijeshi ya Uingereza, drakma 600 kwa pauni moja. Zile noti zenye simba aliyesimama juu ya taji, baadhi yenu mnazo.

Kwa hiyo nadharia yangu ya pili: bilioni 100 ni noti ya kungojea. Mazungumzo hayajakamilika, mashine haziwezi kusimama.

#23 Shombeshombe

Babu sasa ana nadharia mbili, ya tatu iko jikoni.

#24 Mzamiaji Mstaafu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi sina elimu ya noti lakini Ugiriki nimeishi. Piraeus, kisha Kypseli pale Athene, miaka ya tisini. Wabongo tulikuwa wengi tu, mabaharia na waliozamia.

Siku ya malipo mkubwa wetu melini alikuwa anahesabu noti za drakma 5,000 juu ya pipa. Huyo Kolokotronis mnayemtaja ndiye aliyekuwa juu yake, ana masharubu na kofia ya chuma. Nyuma kuna kijiji kimekaa mlimani. Nilirudi nyumbani na kadhaa ndani ya kitabu cha baharia, nikasahau. Euro ikaja 2002. Niliposikia kwamba zinabadilishwa benki Athene tu, nikasema nitampa mtu anayekwenda. Huyo mtu hakupatikana kwa wakati.

Je, zina thamani yoyote kwenu wakusanyaji?

#25 Bint Makunganya

#24 marahaba hatupo, sisi ndio wadogo zako, shikamoo. Kijiji hicho ni Karytaina. Benki ya Ugiriki ilifunga kubadilisha noti za drakma tarehe 1 Machi 2012, kwa hiyo kibenki zimekwisha. Kwa kiwango cha drakma 340.75 kwa euro, kila noti ingekupa euro 14 na senti 67. Kwa wakusanyaji bei yake inategemea hali. Kama zimekaa ndani ya kitabu bila kukunjwa, usizisafishe, usizipige pasi, usizitie gundi. Weka picha hapa, mbele na nyuma.

#26 Mzamiaji Mstaafu

Ahsante mwanangu. Pasi nilishaanza kuifikiria.

#27 Mwana wa Pwani

Ninavyoona, Ugiriki na noti wana kisa kirefu. Kuna mtu aliwahi kuniambia serikali yao iliwahi kukata fedha za watu kwa mkasi. Nilidhani ni porojo.

#28 Babu Hesabu

Si porojo. Mwaka 1922, vita na Waturuki huko Asia Ndogo vimemaliza hazina. Waziri wa fedha Petros Protopapadakis akaamuru kila noti ikatwe vipande viwili. Kipande cha kushoto, chenye picha ya Georgios Stavros, mwanzilishi wa Benki ya Taifa, kiliendelea kutumika kwa nusu ya thamani. Kipande cha kulia, chenye taji, ulikipeleka ukapewa hati ya mkopo wa serikali. Siku moja nchi nzima imekopesha serikali nusu ya fedha iliyo mfukoni, na hakuna aliyeulizwa.

Vita vikashindwa. Novemba mwaka huohuo Protopapadakis akapigwa risasi pamoja na wenzake watano baada ya kesi maarufu ya watu sita. Hakushtakiwa kwa mkasi, alishtakiwa kwa ajili ya maafa ya vita. Mwaka 1926 wakakata tena, safari hii robo tatu ikabaki fedha na robo ikawa mkopo.

Wakusanyaji wanazitafuta sana hizo nusu. Nami nasema wazi: mkipata moja, mtazame mkato kabla ya kutazama picha. Mkato wa zamani umechakaa pamoja na noti, ukingo una uchafu uleule wa mikono. Mkato mweupe kwenye noti chafu, achana naye muuzaji huyo.

#29 Kijana wa Eastleigh

Aisee, kukatwa nusu! Hii ni afadhali kuliko bilioni 100 ama ni mbaya zaidi?

#30 Mchumi Mtaani

Afadhali mara mia. Anayekukata kwa mkasi unamwona, unajua amechukua nusu, na unabaki na hati. Anayechapa bilioni 100 anachukua chote na anakuachia noti nzuri.

#31 Ndugu Katanga

#30 mimi nakataa. Mkasi unamkata na maskini mwenye noti moja. Mfumuko, mwenye mbuzi na shamba anapona. Bibi yangu kijijini hakujua hata zaire milioni 5 ni rangi gani, na watoto wake walikula. Waliokufa njaa ni watu wa mshahara, mjini.

#32 Mchumi Mtaani

Na Athene 1941 ilikuwa hivyohivyo, njaa iliwapiga watu wa mjini kuliko wengi wa vijijini. Lakini hilo linaniunga mkono mimi, si wewe.

#33 Ndugu Katanga

Hapana.

#34 Mkusanyaji wa Tanga

Wakuu, naona tumefika Kasai kutokea Athene, si vibaya. Naomba tuirudie noti. Kuna wazo nataka mlipime. Bilioni 100 gawanya kwa bilioni 50 ni 2 kamili. Inawezekana kwamba ilitolewa wakijua itageuka kuwa chenji ya drakma 2 baada ya mageuzi? Yaani haikuwa noti kubwa, ilikuwa noti ndogo inayosubiri siku yake.

#35 Fundi Picha

Hilo ni zuri sana, sijawahi kulisoma popote.

#36 Babu Hesabu

Zuri kwa hesabu, gumu kwa kazi. Ingekuwa hivyo wangechapa ya bilioni 50 pia, ipatikane drakma 1, na ya bilioni 250 kwa drakma 5. Hawakuchapa. Bilioni 100 ni hatua ya kawaida tu ukitoka bilioni 10.

#37 Bint Makunganya

Ukitoka bilioni 2 kwenda bilioni 10 ni mara tano. Ukitoka milioni 500 kwenda bilioni 2 ni mara nne. Ghafla kutoka bilioni 10 ni mara kumi. Babu, hatua ya kawaida iko wapi hapo? Mimi nalipatia wazo la #34 nafasi.

#38 Babu Hesabu

Bei zilikuwa zimekimbia zaidi, binti yangu. Ndiyo kawaida ya mwezi ule.

#39 Kijana wa Eastleigh

Kwani hiyo ndiyo noti yenye sifuri nyingi zaidi duniani?

#40 Shombeshombe

Hata karibu. Zimbabwe ilitoa dola trilioni 100, na Hungary mwaka 1946 ilitoa pengő ambazo ukiziandika kwa tarakimu ni moja na sifuri 20. Ila Wahungary hawakuandika sifuri, waliandika kwa maneno. Kwa sura, Deidamia anawashinda wote.

#41 Mwana wa Pwani

Na baada ya 11 Novemba drakma ikatulia?

#42 Mchumi Mtaani

Wapi. Desemba hiyohiyo vita vikazuka mitaani Athene kati ya Waingereza na serikali upande mmoja, na wapiganaji wa kushoto upande wa pili. Drakma mpya nayo ikaanza kuteleza. Mwaka 1953 walipoishusha, dola moja ilitoka drakma 15,000 ikawa 30,000. Mwaka 1954 wakafuta sifuri tatu.

#43 Msomaji Kimya

Nimekuwa nasoma tu. Ninayo hii noti pia, nimeitoa sasa hivi kuilinganisha na ya mleta mada. Yangu herufi ziko baada ya namba ya mfululizo, yake naona ziko kabla. Ni feki?

#44 Bint Makunganya

#43 si feki. Noti hizi za mwisho wa 1944 zina aina mbili, herufi kabla na herufi baada, na katalogi zinazitenganisha. Wewe na mleta mada mnazo zote mbili kati yenu. Piga picha ya namba kwa karibu, taa iwe ya pembeni.

#45 Mkusanyaji wa Tanga

#43 usiiuze kabla hatujaongea. Nakutumia ujumbe.

#46 Fundi Picha

Mkizipiga picha, naomba na ya uso kwa karibu, hasa nywele juu ya paji. Nataka nimwonyeshe Babu kwamba huyu ni bibi harusi wa Olympia.

#47 Babu Hesabu

Leteni. Kama ni yeye, bado hujaniambia nani alimchagua.